Taa ya Kushoto

Mwalimu Harji aligongwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya kibanda cha kahawa cha Yu Painem, kwenye barabara ile ile ambayo alikuwa akiwafundisha watoto wa kijiji cha Karangduwur kuitumia bila kufa. Inspekta Ning alipofika, kabla ya saa moja, mwili ulikuwa umeshafunikwa saruni ya bluu na watu walikuwa wameanza kupiga kelele za kuchoma gari.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, limekaa mshazari upande wa kulia wa barabara, kioo cha mbele kimepasuka. Ndani alikaa Mkunga Arum, mikono yote miwili kwenye usukani, kama vile bado anaendesha. Nusu ya waliokuwa wakimtukana, watoto wao walipokewa na mikono hiyo hiyo.

"Mtoeni nje!" kijana mmoja alipayuka. "Mtu wa afya gani huyu anaua watu?"

"Wewe, rudi nyuma," Koplo Tegar alimwambia. "Rudi, kabla sijakuweka ndani humo humo ukamsindikize."

Mtu aliyekuwa akiwazuia kabla ya polisi kufika ni Pak Jimin, dereva wa lori la mchanga lililosimama nyuma ya gari la Arum, upande wake wa kushoto. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Saruni ya bluu ilikuwa yake. Ndiye aliyekata matawi akayatandaza barabarani ili magari yapunguze mwendo, ndiye pia aliyemtuma mtu kwa mke wa Mwalimu. Ning alimshukuru kwa moyo wote. Mashahidi wa namna hiyo hawapatikani siku hizi. Wengi hukimbilia kupiga picha.

Alianza na baiskeli. Ilikuwa imelala karibu na mstari wa katikati, gurudumu la mbele limekunjika. Kilichomshangaza ni mwanzi. Kila mtu wa pale aliujua mwanzi ule. Mwalimu aliufunga nyuma ya tandiko, ukachomoza upande wa kulia kupita urefu wa mkono, kitambaa chekundu kwenye ncha yake. Gari lililotaka kumpita lilipaswa kupita nje ya kitambaa. Madereva wa malori walimcheka, wakambatiza Mwalimu Kaa, kwa sababu ya gando lake moja, lakini baada ya muda wengi wao walijikuta wanaupisha. Leo mwanzi haukuchomoza. Ulikuwa umesimamishwa wima, umefungwa kwa mpira kwenye nguzo ya tandiko, na ulikuwa mzima. Ning aliupiga picha.

Kisha akafuata matone. Mchanga wa kule hupakiwa ukiwa umelowa, moja kwa moja kutoka mtoni, na kila lori hudondosha maji njia nzima na kuacha mstari wa tope la kijivu. Lori la Jimin ndilo lililokuwa la kwanza kushuka kutoka mlimani asubuhi hiyo, kwa hiyo mstari ulikuwa mmoja tu. Ulikuja umenyooka upande wa kushoto wa barabara, ukazidi unene, ukaishia kwenye dimbwi chini ya lori. Damu ya Mwalimu ilikuwa mbele ya bampa la lori, hatua chache upande wa kulia. Hilo nalo Ning alilipiga picha, ingawa bado hakujua litamfaa nini.

"Kunywa, Bu." Aliyemwita mama kwa neno la heshima la huko alikuwa Yu Painem, amesimama kando yake na glasi ya kahawa. Alikuwa mama mwenye mikono mikubwa na macho yaliyovimba kwa kulia. "Imeshapoa. Niliitengeneza kabla ya... kabla ya hayo. Mwenyewe hakuja kuinywa."

Ning alionja. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Aliirudisha mezani, chini ya picha ya msichana aliyevaa sare za shule. Picha hiyo aliijua vizuri mno. Ratmi, mtoto pekee wa Painem, alikufa miaka miwili iliyopita kwenye barabara hiyo hiyo, asubuhi ya ukungu, akienda shule kwa baiskeli. Gari lililomuua halikujulikana mpaka leo. Faili lilikuwa kwenye kabati la Ning, na kila akilifungua alisikia aibu. Watu walisema mtoto alikuwa anacheza katikati ya barabara, na Painem alilazimika kusikia hayo huku akiwapakulia wali. Mwalimu Harji peke yake alikataa kusema hivyo. Ndipo alipoanza mambo ya mwanzi.

"Sasa na yeye wamemchukua," Painem alisema. "Nani atabaki kututetea?"



Kituoni, Jimin alieleza bila kigugumizi.

"Mwalimu alikuwa mbele yangu, pembeni kushoto. Nikataka kumpita. Nikawasha indiketa ya kulia, nikatoka mpaka mstari wa katikati nimwachie nafasi yake, kama alivyotufundisha mwenyewe. Mara akakata kulia, ghafla, bila ishara. Nikakanyaga breki. Mkunga alikuwa nyuma yangu, hakusubiri. Akatupita wote wawili kwa mpigo."

"Indiketa ya kulia?" Ning aliuliza. "Una hakika?"

"Bu, mimi naendesha lori tangu sijaoa. Ya kulia. Maana yake usinipite." Alifuta uso kwa kiganja. "Lakini msimkandamize sana Mkunga. Alikuwa na haraka ya kazi. Mwambieni mkubwa wenu amhurumie."

Tegar aliyekuwa akiandika aliinamisha kichwa kwa heshima. Jimin aliweka saini akaondoka, mabega yameinama.

Mkunga Arum aliletwa baadaye. Hakuwa akilia. Watu walioua bila kukusudia mara nyingi hawalii siku ya kwanza, na Ning alikuwa ameshawaona wengi.

"Alinipa kushoto," Arum alisema kabla ya kuulizwa.

"Nani?"

"Lori. Nilikuwa nakimbilia kwa mke wa Paijo, mtoto amekaa vibaya tumboni. Lori likapunguza mwendo, karibu lisimame, likawasha kushoto. Kushoto ni pita, nani asiyejua? Mimi najua, wewe unajua, mbuzi wa Karangduwur wanajua. Nikachungulia, mbele hakuna kitu. Nikapiga honi mbili, nikatoka. Halafu Mwalimu akawa mbele ya kioo changu."

"Alitokea ghafla?"

"Alitokea mbele ya lori. Alikuwa anaisukuma baiskeli, polepole tu. Ameinua mkono. Nadhani alikuwa ananizuia."

"Dereva anasema aliwasha kulia."

Arum aliinua macho. "Pak Jimin kasema hivyo? Pak Jimin hasemi uongo." Alitazama mikono yake. "Basi labda niliona vibaya. Labda mimi ndiye... Bu Ning, inawezekana mtu aone kushoto mahali penye kulia?"

Ning alimhurumia sana alipouliza hivyo, kwa kuwa mwongo hajiulizi swali la namna hiyo.

Mkuu wa kituo, Pak Wiryo, hakuwa na muda wa huruma. "Gari lake, damu kwenye bampa lake, na shahidi anayeheshimika. Unataka nini tena? Watu wameshakusanyika mbele ya kliniki yake na madumu ya petroli. Saa kumi jioni apelekwe wilayani, afunguliwe mashtaka, wenye hasira warudi makwao."

"Akienda wilayani na maelezo haya, atafungwa."

"Basi tafuta mengine kabla ya saa kumi."

Kulikuwa na mtu mmoja aliyewahi kutamka hadharani kwamba atamzika Mwalimu. Huyo ni Brotoseno, mwenye machimbo ya mchanga, ambaye Mwalimu alitaka malori yake yasipite saa za watoto kwenda shule. Ning na Tegar walimkuta hospitali ya mjini, amelala, damu yake inazunguka kwenye mashine ya figo.

"Nilisema nitamzika kwenye mchanga, ndiyo," alikiri bila aibu. "Mimi humwambia kila mtu hivyo. Hata mke wangu nimeshamzika mara ngapi, na bado ananinyima chumvi. Tangu jana jioni niko hapa. Muulize muuguzi."

"Ungeweza kumtuma mtu. Jimin ni dereva wako."

Brotoseno alicheka mpaka mashine ikalia. "Jimin? Ungemkuta kila Jumamosi kwenye darasa la Kaa, amekaa mbele, anajifunza namna ya kuipita baiskeli! Mtu mzima! Juzi juzi niliwakuta wawili ghalani kwangu, Jimin amepiga magoti, analia kama mtoto, Mwalimu ameshika kichwa chake."

"Alikuwa analilia nini?"

"Sikuuliza. Dereva akilia, mimi hukagua tairi."

Muuguzi alithibitisha kwamba mzee hakutoka kitandani wala hakushika simu. Kwenye ngazi Tegar alisema, "Huyu ana mdomo mchafu, lakini hana kosa." Ning alikubali. Kilichombaki kichwani kilikuwa yale magoti ya Jimin.

Saa nane walikuwa nyumbani kwa marehemu. Wanawake walikuwa wakifunga wali kwenye majani ya migomba. Mjane, Bu Harji, alikaa kwenye mkeka na kuwakaribisha chai, kwa sababu hata siku hiyo hakuweza kumwacha mgeni bila chai.

"Samahani kwa swali hili, Bu," Ning alisema. "Mwalimu angeweza kukata kulia ghafla, bila kuangalia?"

Mjane alimtazama kama aliyeulizwa kama mumewe alikuwa mwizi. "Mume wangu? Akitaka kuvuka husimama, hushuka, huuinua mwanzi na kuufunga wima usimchome mtu, halafu hungoja. Anangoja mpaka dereva amtolee mkono dirishani. Asipopewa mkono anakaa hapo mpaka adhuhuri. Mimi nimemkatia tamaa mara ngapi kwenye barabara hiyo! Akishapewa mkono ndipo anavuka, na akifika katikati huinua wa kwake kushukuru. Hivyo ndivyo alivyowafundisha watoto wote."

Tegar aliacha kuandika.

"Siku hizi alikuwa na wasiwasi wowote?"

"Hakuwa analala. Alisema kuna mtu amemtwika mzigo wake, na yeye hawezi kuubeba peke yake. Amempa mwenye mzigo muda mpaka siku ya kusafisha makaburi. Asipokwenda kwa anayehusika kuomba radhi, basi Mwalimu atakwenda yeye."

Siku ya kusafisha makaburi ilikuwa Ijumaa hiyo, kabla ya mfungo. Kijiji kizima hufagia makaburi, hula pamoja, na watu huombana radhi kwa ya mwaka mzima.

"Ni nani huyo mtu?"

"Hakusema. Alikuwa mwalimu, Bu. Siri ya mwanafunzi haikutoka kinywani mwake hata mimi nilipomnunia."

Ndani ya gari Ning alipitia tena picha alizopiga asubuhi. Mwanzi ulifungwa wima, kwa hiyo Mwalimu alisimama na kujitayarisha, hakukata ghafla. Matone yalinyooka kushoto mpaka kwenye dimbwi, kwa hiyo lori halikutoka hata kidogo kwenda mstari wa katikati. Na lori lilisimama nyuma ya mahali Mwalimu alipogongwa. Mtu anayempita mwenzake hawezi kuwa bado yuko nyuma yake.

"Jimin alisimama kumpisha," Tegar alisema. "Sasa kwa nini adanganye? Kumpisha mtu si kosa."

"Si kosa. Labda kosa ni alichomwambia Arum kwa wakati huo huo." Ning aliwasha gari. "Na nimekunywa ushahidi wangu mwenyewe asubuhi. Twende kwa Painem."

Painem alikuwa anaosha sahani. Ile glasi bado ilikuwa mezani. Hakuwa na moyo wa kuimwaga kahawa yake.

"Yu, hii kahawa ilikuwa ya nani?"

"Ya Pak Jimin. Nani mwingine anakunywa sukari nyingi hivyo? Kila asubuhi anaingia hapa. Mvua, jua, anaingia."

"Na leo ulijuaje kwamba anaingia?"

"Si niliona taa yake? Hapa ndani asubuhi ni giza, turubai limeshuka. Nikaona ile ya njano inawaka-zima, inawaka-zima, kwenye glasi zangu. Nikasema, huyo kafika, nikamimina. Halafu nikasikia kishindo."

"Taa ya upande gani?"

"Ya huku kwangu, Bu. Ya upande wa pili ningeionaje, nimemeza darubini?"

Kibanda cha Painem kiko kushoto kwa anayeshuka kutoka mlimani. Ning alitazama saa. Ilikuwa saa tisa na robo.

Saa tisa na nusu wote walikuwa mbele ya kibanda. Pak Wiryo alisimama na mikono kiunoni, akitazama saa yake mara kwa mara. Arum aliletwa na Tegar, na watu wa kijiji walisogea wakazunguka. Jimin alikuja kwa miguu, amevaa shati safi na kofia nyeusi kwa ajili ya mazishi. Lori lake halikuwa limeondolewa.

"Pak Jimin, tusaidie mara ya mwisho," Ning alisema kwa upole. "Rudia mbele ya Pak Wiryo. Uliwasha indiketa ipi?"

"Ya kulia."

"Na ulikuwa umeshatoka kumpita Mwalimu."

"Nilikuwa nimeshatoka."

"Basi tazama chini ya lori lako. Maji ya mchanga wako yanasema hukutoka. Ulinyooka kushoto mpaka hapa, ukasimama. Mwalimu alikuwa mbele yako, ameshuka kwenye baiskeli, amefunga mwanzi. Alikuwa anangoja mkono wako, na asingevuka bila kupewa. Ulimpa?"

Jimin alilamba midomo. "Labda... labda nilimpa. Nimechanganyikiwa, Bu. Nilimwona anataka kuvuka, nikampa mkono. Kumpisha mtu ni kosa?"

"Asubuhi ulisema alikata ghafla."

"Nilichanganyikiwa."

"Na taa? Yu Painem aliiona. Ilimulika kwenye glasi zake."

Watu walianza kunong'ona. Jimin aligeuka haraka. "Basi ndiyo, ilikuwa ya kushoto! Nilikuwa naingia kunywa kahawa! Kila mtu anajua naingia hapa kila siku. Mkunga akaielewa vibaya. Ndiyo hivyo tu, hakuna la zaidi."

Lilikuwa jibu zuri. Kama angelitoa asubuhi, Ning angeliandika, angefunga faili, na pengine Arum angefungwa miezi michache kwa ajali. Pak Wiryo alikuwa tayari ameanza kutikisa kichwa kukubali. Ning alifungua kinywa, lakini mtu mwingine alimtangulia.

"Pak Jimin." Painem alikuwa ametoka kibandani, glasi mkononi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu. "Kama ulikuwa unaingia, kwa nini hukuja kunywa? Nilikungoja. Hata baada ya ajali ulikuwa hapa saa nzima. Uliwapa watu maji kutoka kwenye mtungi wangu. Glasi yako ilikuwa hapa mezani, ukaitazama, ukageuka. Kwa nini?"

Jimin aliitazama ile glasi. Alivua kofia, ikamtoka mkononi.

"Sikuweza, Yu," alisema.

"Hukuweza nini?"

"Nimekunywa kwako miaka miwili. Leo sikuweza."

Arum alikuwa amejishika kinywa.

"Nilishampa Mwalimu mkono," Jimin alisema, sasa akizungumza chini, kama peke yake. "Nilimpa kwa nia njema, Mungu ananiona. Halafu nikaangalia saitimira, nikaliona gari la Mkunga linakuja mbio. Nikajua, nikimpa kushoto atapita. Na Mwalimu akiondoka, hakuna mwingine anayejua. Lilikuwa wazo la mara moja tu. Kidole kikagusa taa. Alipofika katikati akaniinulia mkono kunishukuru."

Arum alitoa sauti ndogo, ikabidi Tegar amshike. Ule mkono aliodhani unamzuia ulikuwa wa shukrani, na haukuelekezwa kwake.

"Hakuna mwingine anayejua nini?" Ning aliuliza, ingawa alishajua, na alitamani asiulize mbele ya mama yule.

Jimin alipiga magoti kwenye tope la lori lake mwenyewe. "Ratmi," alisema. "Yu Painem, ni mimi. Kulikuwa na ukungu, nilikuwa nimechelewa, nikampita karibu. Karibu mno. Bodi ya lori haikumgusa. Upepo ulimyumbisha akaingia chini ya gurudumu la nyuma. Nikajiambia ni jiwe. Nikaenda mpaka mjini nikijiambia ni jiwe. Mwalimu nilimwambia mwenyewe, ghalani kwa Brotoseno, siku aliyotufundisha upepo wa lori unavyomvuta mtu. Akasema niende kwako kabla ya Ijumaa, la sivyo atakwenda yeye. Kila asubuhi nilikuja kukuambia, Yu. Kila asubuhi. Unaniwekea kahawa, unaniuliza mgongo wangu unaendeleaje, nakunywa, naondoka."

Mtu mmoja kwenye umati alinyanyua jiwe. Pak Wiryo, ambaye kutwa nzima hakuwa na faida kwa yeyote, alimshika mkono akamnyang'anya.

Painem alibaki amesimama. Ning alimwogopea, alidhani ataanguka, au atampiga Jimin na glasi usoni, na hakuwa na hakika kama angemzuia.

"Alikuwa wapi?" Painem aliuliza.

"Nani, Yu?"

"Mwanangu. Ulipompita. Alikuwa katikati ya barabara?"

Jimin alitikisa kichwa, machozi yanamdondoka kwenye tope. "Hapana. Alikuwa pembeni. Pembeni kabisa, karibu kwenye majani. Alikuwa anaendesha vizuri."

Painem aliwageukia watu wa Karangduwur, mmoja mmoja, wale waliokula wali wake na kumwambia mtoto alikuwa anacheza. "Mmesikia?" alisema. "Alikuwa pembeni."

Wengi walitazama chini. Painem alimwaga kahawa kwenye majani, akampa Ning glasi tupu, akarudi ndani ya kibanda na kuteremsha turubai. Ndipo waliposikia kilio chake.

Jimin alipelekwa wilayani saa kumi, ndani ya gari lililokuwa limeandaliwa kwa ajili ya Arum. Madumu ya petroli yaliondoka mbele ya kliniki bila mtu kukiri kwamba ni yake. Mke wa Paijo alikuwa ameshajifungua njiani, nyuma ya gari la kubeba mboga. Mama alipona, mtoto hakupona. Hilo nalo Ning aliliandika kwenye maelezo yake, ingawa sheria haikuwa na mahali pa kuliweka.

Ijumaa makaburi yalifagiwa. Arum alikwenda, akakaa mbali na watu, hakujua kama anaruhusiwa kusogea. Bu Harji alimfuata mwenyewe. Hawakusema mengi. Gari la Arum lilikuwa bado limeshikiliwa kituoni, na wajawazito hawangoji kesi, kwa hiyo mjane alimwambia achukue baiskeli ya pili ya marehemu. Ilikuwa na mwanzi wake.

Jumatatu, Ning alipitia kibandani kurudisha ile picha ya Ratmi, ambayo aliiazima kwa ajili ya faili. Painem alikuwa anakaanga tempe, vipande vya soya. Arum alipita barabarani polepole, mkoba wa kazi kwenye kikapu, kitambaa chekundu kikipepea upande wa kulia. Nyuma yake, kutoka mlimani, ikasikika injini ya lori la mchanga.

Painem aliacha kijiko ndani ya mafuta. Akatoka mpaka ukingo wa barabara, akasimama, mikono imeshika kanga kifuani. Lori lilipunguza mwendo likakaa nyuma ya baiskeli. Dereva alingoja pikipiki iliyokuwa ikipanda imalize kupita, ndipo akawasha kulia, akatoka kabisa hadi upande wa pili, akaipita baiskeli bila hata kitambaa kushtuka, na akarudi kushoto mbele kabisa.

Painem aliendelea kusimama mpaka mgongo wa Arum ulipopotea kwenye kona. Tempe ziliungua, na Ning hakumkumbusha.